Mrija wa Baba Nuê

H'Luin alipanda ngazi ya nyumba ya Mama Nuê. Bangili ya shaba ya posa ilikuwa mkononi mwa kaka yake, Y Blieng, na begani mwa H'Luin ulining'inia mkoba wa kazini hospitalini, maana alikuwa ametoka zamu moja kwa moja. Nyuma yao alikuja binti yake, H'Wen, amevaa blauzi pana ambayo sababu ya upana wake kijiji kizima kilikwisha kuijua. Kwa Waede, watu wa nyanda za juu za Vietnam, upande wa mwanamke ndio unaoposa, na mwanamume huhamia nyumbani kwa mkewe. Mama Nuê akikataa leo kumtoa mwanawe Nuê, mtoto angezaliwa bila baba, na H'Wen, ambaye hakuwa akila wala kulala, angevunjika kabisa.

Na Mama Nuê hakuwa mtu wa kuchezewa. Waposaji wa kwanza aliwarudisha kwa sababu mmoja wao alikohoa kuelekea mtungi wa pombe.

"Karibuni, watu wa mbali," alisema, ingawa nyumba zao zilipakana. "Mama H'Wen, umekonda. Hospitali hawakulishi?"

"Wananilisha harufu ya dawa tu, dada."

Mtungi wa pombe ya mchele ulikuwa umefungwa kwenye nguzo. Mwanamke mkubwa wa upande wa wageni hunywa kwanza, na akishaushika mrija wa kunyonyea hauachii mpaka mwenzake aupokee. Kuuachia ni kuwatukana wenye nyumba na wafu wao. Baada ya H'Luin angefuata H'Wen, hata kama ni kulowesha midomo tu.

Mama Nuê alifunua kitambaa akatoa mrija. Haukuwa wa mwanzi. Ulikuwa wa plastiki, mwembamba, unaoonyesha ndani, una kigurudumu cheupe cha kubania katikati. H'Luin aliutambua: mrija wa dripu. Hospitalini kazi yake ni hiyo hiyo: dripu ikiisha, anaukata mrija vipande vipande kabla haujaingia kwenye mfuko wa manjano wa taka, asije mtu akauokota na kuutumia tena.

"Uzuri wake huu," Mama Nuê alisema akizungusha kigurudumu, "unafungua, unafunga. Mlevi hatumalizii mtungi."

"Hapo nimeshaonewa mimi," alisema Y Blieng, na watu wakacheka.

"Umeupata wapi, dada?" H'Luin aliuliza.

"Wa Baba Nuê. Tulipomleta kufia nyumbani, alikuja nao mkononi. Nimeuosha, nimeuchemsha, nikautunza. Nimesema leo na yeye anywe na wakwe zake."

Baba Nuê alikufa kwa homa ya ini. H'Luin alikuwa ameiona damu yake ikirudi ndani ya mirija ya namna ile. Sasa ncha moja iliwekwa kiganjani mwake, na nyingine Mama Nuê alikuwa akiishusha kwenye mtungi. Angeweza kusingizia jino. Lakini baada yake ni H'Wen, na baada ya H'Wen ni ukumbi mzima.

Aliuvuta. Mrija ulimchomoka Mama Nuê kabla haujagusa pombe.

"Sinywi, dada. Na hapa hanywi mtu."

"Unamkataa mume wangu ndani ya nyumba yake?"

"Simkatai." H'Luin aliukunja mrija ngumini. "Ugonjwa uliomuua ulipita humu na damu yake. Huko ndani huwezi kuhakikisha kumesafika, hata ukichemsha. Mrija huu ni wa mtu mmoja, mara moja. Wanetu wakiutia mdomoni, huenda tukazika tena."

"Luin," Y Blieng alinong'ona, "bangili bado ninayo mimi, hawajaipokea."

H'Luin aliogopa, tena sana. Hata hivyo alichomoa mkasi na mfuko wa manjano mkobani na, kwa kuwa hakuruhusiwa kuuachia mrija, akaukata ukiwa ndani ya ngumi yake. Vipande viliangukia kwenye mfuko mmoja baada ya mwingine. H'Wen alijifunika uso. Mama Nuê alisimama tu, mikono mitupu.

Kilibaki kigurudumu. H'Luin alikitoa kwenye kipande cha mwisho, akakifuta kwa spiriti ya mkobani mara mbili, akamnyooshea Mama Nuê.

"Hiki hukaa nje ya mrija, kinaubana tu. Damu haikigusi. Kila nilipopita kitandani kwake nilimkuta anakichezea kwa kidole gumba. Anaambiwa aache, anacheka."

Mama Nuê alikipokea. Alikizungusha kwa kidole gumba, mbele na nyuma, kwa muda mrefu, na machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Alikuwa mkaidi yule mzee," alisema mwishowe.

Kisha akamgeukia mwanawe. "Nuê, nenda kakate mwanzi. Watu wa nyumba yako mpya wana kiu." Akamtazama Y Blieng. "Na wewe, ilete hiyo bangili. Mbona umeing'ang'ania?"