Miwani ya Jirani

Jirani yangu mwenye chumba cha gemu hatulii. Tangu alete ile miwani kubwa nyeusi, inayomwingiza mtu mzimamzima ndani ya mchezo, kutwa anaifuta kwa pindo la shati, anaitundika msumarini, anaitungua, anaifuta tena. Mimi nashona nguo mlango wa pili, na kule kufuta kwake kunanichosha kuliko cherehani. Wateja huijaribu mara moja, wakapapasa hewa kama waliozimikiwa taa, kisha huivua na jasho linawatoka, wakarudi kubanana kwenye benchi mbele ya runinga, kwenye gemu ya mpira. "Humu hata ukimfunga mtu humwoni anavyonuna," mmoja alilalamika. Jirani akacheka, goti linamcheza. "Watazoea tu. Haya ndiyo mambo ya kesho."

Jana mchana hapakuwa na mteja, akaniita anionyeshe. Akaivaa, akasimama katikati ya chumba, mikono mbele. "Dada, ukishaingia humu unasahau dunia nzima." Hapohapo akainua ukingo wa miwani kwa kidole, akachungulia mlangoni, akaushusha. Akaua zimwi moja, akachungulia tena. Walipoingia vijana wawili wakawasha gemu ya mpira, aliisukuma miwani hadi kwenye paji la uso, akajibanza nao kwenye benchi, akaanza kuwatania. Na goti lake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, likatulia.