Kikombe cha Shaba na Mshipa Wangu

Nimelehemu rejeta za magari hapa Katwe tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Shaba nimeivuta puani, nimeila na posho, ugali wetu, nimelala nayo kwenye shati. Kwa hiyo daktari, binti wa umri wa mjukuu wangu, aliponiambia damu yangu ina upungufu wa shaba, nilimsikitikia. Shule huharibu watoto wa watu.

"Mzee, unakunywa dawa gani nyumbani?"

Nikatoa vidonge vya zinki. Vya nguvu hivyo, nilivinunua Kansanga kwa mchuuzi mwenye spika. Nguvu za nini, usiniulize, mke wangu naye atasomewa haya.

"Zinki ikizidi inaifukuza shaba," akasema. "Na huu mshipa wako mkuu unaotoka moyoni umevimba. Ukuta wake unahitaji shaba kidogo, kidogo sana. Sisemi zinki ndiyo chanzo, presha pia unayo. Acha hivi, meza vya presha, usinyanyue kitu kizito. Ukipasuka hatutakuwahi."

Katika yote hayo nilisikia shaba tu. Shaba ninayo gunia zima! Nikajifulia kikombe kutoka rejeta ya lori, nikakinywea chai ya ndimu asubuhi na jioni, nikitapika kidogo, kama mgonjwa mwerevu.

Sasa, sisi rejeta tukishaiziba hatumpi mteja hivi hivi. Tunaijaza upepo, tunaizamisha kwenye pipa la maji, tunatafuta mapovu. Mimi na tumbo hili, pipa gani litanitosha? Nikaamua nitanyanyua injini. Mshipa ukistahimili, nimepona.

Nilikuwa nimeshaikumbatia injini, mke wangu akafika na chakula. Yeye ni Mnubi, wa ukoo wa askari. Kwao hata salamu ni amri.

"Weka chini."

"Ninapima."

"Unapima nini?"

"Mshipa."

Akatua sufuria taratibu. "Rejeta ikipasuka mkiipima, mnafanyaje?"

"Tunaziba tena."

"Na wewe nani atakuziba?"

Mafundi wenzangu, ambao kwa kawaida wana jibu la kila kitu, ghafla wakawa na kazi nyingi. Nikaiacha injini ilipo.

Siku hizi ninapimwa hospitali, kwa mashine ya picha, nimelala kama maiti mtiifu. Yule binti daktari anasema mshipa haujavimba zaidi, ila injini nisiiguse tena maishani. Mimi nina maoni tofauti. Sijayatoa, maana mke wangu hukaa pale pale mlangoni.