Maji Safi Niliyojazia Kwenye Chupa za Daktari

Nilivumilia mpaka Daktari alipowaambia wageni wanne wa wizarani, mimi nimesimama pale pale, "Huyu mama wa usafi katia maji machafu." Hapo uvumilivu ukaisha. Aibu iliyofuata ni yangu, siikatai, ila sikilizeni ilivyoanza.

Daktari, mtafiti wa kituo chetu, alifuga akea, vijidudu vya mashimo ya chumvi kule Bahi, vinavyofanya maji kuwa mekundu kama juisi ya choya. Kwenye utando wa kila kijidudu kuna kimeng'enya kama mkasi, kinakata protini, naye alitaka kujua kinakata zipi. Chupa moja ina vijidudu vyenye mkasi, nyingine visivyo nao, halafu protini zote zikapimwe kwa mashine ng'ambo, na zile zinazorundikana pasipo mkasi ndizo zilizokuwa zikikatwa (mfunge mbuzi, mmea utakaostawi ndio aliokuwa akiula). Haya niliyapata kwa kusikilizia mlangoni, maana mimi na kidato cha nne changu nilikuwa kibarua wa kuosha vyombo, mtoto mgongoni, mwaka wa pili nasubiri barua ya ajira.

Wiki ile joto lilipunguza maji kwenye chupa, nami nikafanya anachofanya yeyote aliyelelewa Dodoma akiona chombo kimepungua: nikajazia. Chupa moja tu, kwa maji niliyochemsha na kuchuja, yale yale anayokunywa mwanangu. Asubuhi nikaikuta imepauka, na Daktari alipouliza nikamwambia nilijazia maji.

Basi Daktari aliposema machafu, nikachukua jagi langu la maji yale yale, nikanywa funda mbele yao, nikasema, "Kama ni machafu, tuone," na yaliyobaki nikayamimina kwenye chupa ya pili kabla hajanidaka mkono. Wekundu ukafifia huku tunatazama, maji yakavutika kama mlenda.

Mgeni mmoja akaniambia taratibu, "Mama, hivi vinaishi kwa chumvi. Kwenye maji matupu vinapasuka."

Daktari akakaa chini. Mbegu za akiba za vijidudu hivyo zilishakufa umeme ulipokatika, hakuwa na nyingine. Na barua yangu ya ajira nikajua imekwenda na maji hayo hayo.

Naapa sitajazia tena chombo cha mtu bila kuuliza. Lakini kesho yake nilipeleka barua hii:

"Ndugu Mkuu wa Kituo,
YAH: KUITWA MCHAFU MBELE YA WAGENI
Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakiri kuharibu chupa zote mbili. Kufukuzwa silalamikii. Nalalamika kwamba miaka miwili nimeosha chupa hizo na hakuna aliyeona nafaa kuambiwa kinachoua vilivyomo. Naomba neno 'machafu' lifutwe. Maji yalikuwa safi. Ndiyo maana yaliua."