Pancha za Leonardi wa Buzebazeba

Leonardi wa Buzebazeba alikuwa na imani mbili. Ya kwanza ni ile aliyobatizwa nayo. Ya pili ni mawese. Mtoto akikohoa, mawese. Bawaba ya mlango ikilia, mawese. Viatu vya Jumapili, kidonda cha mbuzi, midomo iliyopasuka kiangazi: mawese, mawese, mawese. Mkewe Marcelina alikuwa akisema kwamba siku mumewe atakapofika mbinguni, kabla ya kusalimia, atauliza kama bawaba za lile lango zimepakwa. Leonardi hakuona cha kuchekesha hapo. Angeuliza kweli.

Na kwa nini asiyaamini? Mawese ndiyo yaliyomlea. Kila asubuhi alipanda na baiskeli hadi Mwandiga, kwenye mitambo ya kukamulia, akafunga madumu matatu kwenye keria kwa kamba za mpira, kisha akateremka nayo mpaka sokoni Ujiji. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita kwa baiskeli moja. Fremu ilikuwa imepakwa rangi mara nne, kiti kimeshonwa na kushonwa tena, lakini mwenyewe alikuwa akiapa kwamba ni ile ile.

Mwaka huo, Pasaka ilipopita tu, baiskeli ikaanza vituko. Jumatatu pancha. Jumatano pancha. Alhamisi akatoka na kiraka kipya, hata jasho halijamtoka, akasikia tairi la nyuma linapwaya. Alishuka, akaliangalia, akaliangalia tena. Hapakuwa na msumari, mwiba wala kipande cha chupa. Alipapasa tairi lote kwa ndani akitafuta kitu chenye ncha, akaambulia vidole vyeusi tu. Tairi linatoa upepo bila kuchomwa! Alibaki mdomo wazi pale barabarani, watu wakimpita na kumpa pole.

Fundi wake alikuwa Erasto, pale Rusimbi, chini ya bati lake moja. Kusema "fundi wake" ni kupunguza mambo. Walipata kipaimara siku moja. Erasto ndiye aliyemsimamia ndoa, na pancha ya kwanza kabisa ya baiskeli ile aliiziba Erasto huyo huyo. Wakikutana asubuhi, salamu yao ya "Mwakeye" ilikuwa ndefu kuliko kazi yenyewe.

"Leo," Erasto alimwambia siku moja, kwa lile jina fupi alilozoea kumwita, akiipitisha tyubu kati ya vidole, "mbona humu mnateleza? Madumu yako yanavuja?"

Leonardi alikuja juu. "Madumu yangu? Madumu yangu hayajawahi kuvuja hata tone!"

"Nauliza tu, ndugu yangu."

"Basi usiulize."

Hapo alisema kweli, ila hakusema yote. Marehemu baba yake alimwachia siri: tyubu ipakwe mawese kabla ya kuingizwa, iteleze ndani ya tairi, isibanwe ikachanika. Ni siri ya nyumba, alisema mzee, usimpe mtu. Zamani Leonardi alikuwa akipaka mara moja tu, tyubu ikiwa mpya, kijiko kimoja. Lakini mwaka huu, pancha zilipoanza kufuatana, alifanya kama afanyavyo mwenye mgonjwa asiyepona: akazidisha dawa. Kila alipotoka kwa Erasto alifungua tairi nyumbani, akapaka vijiko viwili. Pancha ikirudi, vitatu. Erasto akaifuta tyubu, akapiga msasa, akaweka gundi ya solusheni na kiraka. Leonardi akaenda nyumbani akapaka. Erasto akauliza tena habari za mafuta. Leonardi akanuna tena.

Kisha ikaja siku ya mteremko. Alikuwa anashuka kutoka Mwandiga na madumu yote matatu yamejaa, na tairi la nyuma likaisha upepo ghafla. Baiskeli ikayumba, ikampeleka ukingoni, dumu moja likapiga jiwe na kupasuka. Mawese yakatambaa kwenye lami, mekundu, mazito, hayana haraka. "Imana weee!" Leonardi alimwita Mungu kwa yowe. Goti lake lilikuwa limechunika na hakuliona. Alichoona ni mawese yake barabarani, na kuku wa watu wanayakanyaga. Haiwezekani, alisema moyoni. Pancha tisa katika wiki tatu, bila mwiba, haiwezekani. Lazima kuna mtu. Na mtu anayeishika baiskeli hii zaidi yangu ni mmoja tu.

Kwa hasira ile ile aliikokota mpaka Rusimbi. Palikuwa na watu wengi, ni saa ya watu kwenda kazini. Hakusalimia.

"Erasto! Wewe ndiye unayezitoboa!"

Erasto aliinua uso kutoka kwenye karai lake la maji. "Nini?"

"Unaziba moja, unatoboa mbili, ili nirudi! Miaka yote hii nakuita ndugu, kumbe unaninyonya!"

Watu wote walisimama. Mama mmoja mwenye beseni la dagaa alilishusha chini kabisa, asije akakosa neno. Erasto alisubiri, kama mtu anayedhani mwenzake atacheka. Leonardi hakucheka.

"Unasema mimi, Leo?"

"Nani mwingine?"

Erasto alimwaga maji ya karai, akaligeuza, akakaa juu yake.

Neno likitoka halirudi, na hili lilipata miguu mizuri. Kila aliyewahi kupata pancha akakumbuka kwamba aliwahi kupita kwa Erasto. Hata waliochomwa na miba yao wenyewe shambani wakaanza kutikisa vichwa. Kufikia Jumapili, watu walikuwa wanakokota baiskeli zilizokwisha upepo wakimpita Erasto, wanakwenda kwa fundi wa mbali, jua linawaka. Wiki mbili alikaa pale na mikono misafi. Fundi baiskeli akiwa na mikono misafi, ujue nyumbani kwake sufuria nayo ni safi.

Leonardi, kwa upande wake, alipeleka baiskeli Ujiji, kwa fundi wa kike aitwaye Shadia, aliyerithi kazi kwa baba yake. Pancha ya kumi ilikuwa imeshatokea, na hiyo Erasto hakuigusa. Jambo hilo lilimkera kidogo, ila hakutaka kulifikiria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Niangalizie. Nilikuwa na fundi mwizi."

Shadia alitoa tyubu, akaishika, akashtuka. Akaivuta kidogo, ikarefuka na haikurudi vizuri. Akaweka ukucha pembeni mwa kiraka, kikabanduka chote kwa mara moja, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Akabandua cha pili. Cha tatu. Leonardi akatoa macho.

"Mzee, umepaka nini humu?"

Leonardi alitazama kulia na kushoto. Siri ya baba. Lakini pancha kumi ni pancha kumi. "Mawese," alinong'ona.

"Mawese? Mungu wangu!" Shadia aliiachia tyubu ikaanguka. "Mzee, mafuta yanaua mpira. Unalainika, unavimba, unaoza. Na kiraka hakishiki penye mafuta, hata akiweka nani. Sisi tunapaka poda, hii hii ya watoto wachanga. Huyo fundi wako alikuwa anatwanga maji kwenye kinu!"

"Uongo," alisema Leonardi, lakini sauti haikutoka yote.

Shadia hakubishana na mtu mzima. Alikata vipande viwili vya tyubu mpya vilivyo sawa, akampa. "Kimoja weka kwenye maji, kimoja kwenye mawese. Siku tano. Kisha uvilinganishe mwenyewe."

Leonardi aliviweka katika makopo mawili chini ya kitanda, na kila siku alikuwa akichungulia kama mwenye kuatamia mayai. Siku ya tano alivitoa akavilaza mezani. Cha maji kilikuwa vile vile. Cha mawese kilikuwa kimekuwa kinene, kimempita mwenzake urefu, na alipokivuta kikakatika mkononi. Leonardi alikaa chini. Mawese! Mawese haya haya! Angeambiwa kwamba marehemu mama yake alikuwa akimwekea sumu asingeduwaa zaidi.

Marcelina alivitazama vile vipande, kisha akamtazama mumewe.

"Kwa hiyo Erasto hakutoboa kitu."

Mpaka dakika ile Leonardi alikuwa akiwaza mawese tu. Sasa ikamwingia yote kwa pamoja: kelele zake, watu waliosimama, karai lililogeuzwa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mungu wangu, Mama Recho. Nimefanya nini?"

"Ulipiga kelele mbele za watu," alisema Marcelina. "Usiende kumnong'oneza."

Asubuhi yake akaenda, saa ile ile ya watu kwenda kazini. Alisimama pale aliposimama siku ile, akainua vile vipande viwili juu.

"Jamani! Nisikilizeni! Erasto hajawahi kutoboa tyubu yangu! Ni mimi! Mimi nilikuwa napaka mawese ndani ya tairi, nikamficha. Aliniuliza, nikamficha. Nimemsingizia mtu safi!"

Watu waliguna. Mmoja akacheka: "Mawese ndani ya tairi? Ulitaka kulikaanga?" Kicheko kikaenea, na Leonardi akakipokea chote, hata kofia hakuivuta kuficha uso. Yule mama wa dagaa alisema, "Jamani, kumbe!" na kijana mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli kuelekea kwa fundi wa mbali akaigeuza, akailaza mbele ya Erasto.

Erasto alijaza maji kwenye karai. Aliitoa tyubu ya yule kijana, akaizamisha, akaona vipovu vinapanda, akaweka kidole. Ndipo akasema, macho yakiwa kwenye maji.

"Nilikuuliza habari za mafuta mara tatu, Leo."

"Mara tatu. Ndiyo."

"Ulikuwa na siri ya kijiko cha mafuta. Ukaona bora mimi niwe mwizi."

"Nisamehe, ndugu yangu. Nakuomba mbele ya hawa wote."

Erasto alifuta tyubu kwa kitambaa, polepole, kila upande. Mikono ilikuwa imeshaanza kuchafuka.

"Nimekusamehe. Baiskeli yako nitaitengeneza, nitaiwekea na poda. Ila ailete Mama Recho." Akachukua msasa. "Wewe usije kwanza. Nikikuona, bado naisikia ile sauti."