Kutu ya Mzee Karoli

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na kila nikiwasimulia marafiki huwa nawasimulia nusu tu, ile nusu ya kuchekesha, ya mwalimu mwenye shahada aliyetupa bunduki ya upepo na kujirusha ndani ya mtama mbele ya majirani zake. Watu hucheka, mimi huagiza chai nyingine, mambo yakaishia hapo. Leo nitaisema yote, maana nusu ya pili ndiyo aibu yenyewe.

Chanzo ni ngozi ya mbuzi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nafundisha katika shule moja ya wakimbizi pale Nakivale, Unyankole. Mimi si mtu wa huko. Nimezaliwa Ujiji, nikaenda chuo kikuu nikapata shahada ya Kiswahili (jambo nililokuwa namtangazia kila mtu kabla hata hajaniuliza habari za asubuhi), kisha nikamfuata Mjomba Saidi, aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli Mbarara, naye akanitafutia kazi hiyo. Jirani yangu alikuwa Mzee Karoli, Mnyarwanda aliyeishi Bukavu miaka kadhaa kabla ya kuletwa Nakivale, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo, nami nilikuwa nakisahihisha. Akisema "fasi" namwambia "mahali, mzee." Akisema "mvua mingi" namwambia "mvua nyingi." Alinisikiliza kwa upole wote, akasema, "Merci, mwalimu," halafu akaendelea na fasi zake.

Mzee Karoli na mkewe, Mama Feresita, waliishi kwa shamba moja la mtama. Mtama ukifika ghalani, wanakula mwaka mzima. Ukiliwa na ndege, hawana kingine. Na ndege wa kule si wa mchezo, wanatua kama blanketi, wakiinuka umebaki na mabua. Silaha ya mzee ilikuwa bunduki ya upepo aliyouziwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, ile ya kukunja mtutu katikati, unaweka kirisasi kidogo kama punje ya dengu, unaunyoosha, unapiga, na mlio wake ni kama mtu amejipiga kofi la paja. Aliangusha ndege wawili watatu kila asubuhi, akawatundika kwenye vijiti ili wenzao waone, na kweli waliona.

Bunduki hiyo aliitundika juu ya meko, na haikuwa na doa hata moja. Mimi nilipoiona nikashtuka (msomi lazima ashtuke), nikamwambia moshi unakula chuma.

"Fasi ya moto ni kavu, mwalimu," akasema.

"Mahali," nikasema. "Na hapana, mzee. Chuma kinataka nyumba yake."

Nikamshonea ala ya ngozi, ngozi ya mbuzi wetu wa Idi niliyoiwamba na kuikausha mwenyewe kwa chumvi, na nilijivuna nayo sana. Mzee akaitia bunduki mle kwa heshima zote, akaiweka chini ya kitanda. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kuacha chumvi wazi wakati wa masika anajua chumvi inavyonywa maji kutoka hewani, na Nakivale wakati wa masika, ule ukungu unaopanda kutoka ziwani, hata kiberiti kinakataa kuwaka mpaka ukiweke kwapani. Nilijua yote hayo. Sikuyaunganisha tu. Baada ya wiki tatu mzee alinijia mlangoni na bunduki mikononi, nyekundu kuanzia mtutu hadi kitako.

"Mwalimu," akasema, "hii kitu imeota ndevu."

Hakunilaumu. Lakini mtama ulikuwa umeanza kutoa masuke, na bawaba ya mtutu ilikuwa imegoma kukunjika.

Nikaenda Mbarara kwa Mjomba Saidi. Mjomba alinipa stilwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, na kichupa cha mafuta ya cherehani, akanieleza kazi yote huku akiziba tairi: chovya stilwaya katika mafuta ya taa, sugua polepole, futa, paka mafuta ya cherehani kwa kitambaa mpaka iteleze kidogo tu, usiishike kwa mkono mtupu maana jasho lina chumvi, halafu irudishwe juu ya meko ilikotoka.

"Na sikiza, mjomba," akasema (ndivyo tunavyoitana, mjomba na mjomba), "tundu lile la upepo usilitie kitu. Hata tone."

"Kwani ndani hakuna kutu?"

"Wewe sikiza tu."

Hakunipa sababu, na mimi ushauri usio na sababu huwa hauniingii. Hilo ndilo nililojifunza chuo kikuu.

Jumamosi asubuhi nikaifanya kazi uani kwa Mzee Karoli. Majirani walikuja kutazama, wakafika kama kumi na tano hivi, na mimi nikiona watu kumi na tano naona darasa. Nikasugua nikieleza. Kutu ikatoka, chuma kikaanza kung'aa, bawaba ikakubali. Nikamwambia mzee mbele ya wote kwamba tangu siku hiyo bunduki isiguse tope hata kidogo, ikianguka aiokote papo hapo na aifute. Akaitikia kwa kichwa, kama mtoto wa darasa la kwanza. Wakati huo mafuta ya cherehani yalikuwa yamekwisha, na chupa ya mafuta ya taa ilikuwa bado ina kina cha vidole vitatu, nikatazama lile tundu la upepo, nikajiambia, kama kupaka nje kunafaa hivi, je, ndani? Nikatia. Si tone. Nilitia kifuniko kizima cha chupa.

Kisha nikasema nitawaonyesha inavyofanya kazi.

Baadaye mjomba alinieleza, na safari hii kwa sababu zake zote, kwamba springi ya bunduki ile ikisukuma upepo kwa nguvu, mafuta yaliyomo hushika moto yenyewe, kama ndani ya injini ya dizeli. Mimi siku ile nilichojua ni kwamba nilivuta kifyatulio nikasikia mlio wa bunduki ya kweli, ule wa vita, na moshi ukatoka mdomoni mwa mtutu. Enzi zile mlio mmoja wa namna hiyo ulitosha kuhamisha kijiji. Majirani walilala chini wote kwa pamoja, watu waliozoea. Mimi niliitupa bunduki topeni nikakimbia, nikajirusha ndani ya mtama kichwa mbele, nikalala huko na masuke mdomoni.

Aliyebaki amesimama ni Mzee Karoli peke yake. Aliiona bunduki yake imelala topeni. Akaiokota papo hapo, akaanza kuifuta, kama nilivyomfundisha.

Askari walikuwa karibu, walikuwa njiani kutoka Rwekubo kutafuta mbuzi wa kununua, na gari lao halikuchukua hata robo saa. Niliwasikia vizuri kutoka kule nilikolala.

"Nani napiga?"

"Niko nafuta matope, afande," sauti ya Mzee Karoli ikajibu.

"Matope? Bunduki iko mukono yako, nasema matope?"

Nikasikia kofi. Nikasikia la pili. Nilikuwa umbali wa hatua ishirini, na maneno yote yalikuwa tayari kinywani: ni mimi, afande, mimi ndiye niliyepiga, mzee hana kosa. Kiswahili safi kabisa. Sikuyatoa. Mlango wa gari ukafungwa, gari likaondoka, na kitu cha kwanza nilichoona nilipoinua uso ni miguu ya Mama Feresita.

"Mwalimu, toka," akasema. "Bamekwisha kwenda. Bamemubeba."

Majirani walinitazama nikijipangusa. Hakuna aliyecheka siku ile. Kucheka kulikuja baadaye, nilipoanza kuisimulia mwenyewe.

Nikadandia lori la matoke mpaka Mbarara. Mjomba Saidi alinisikiliza bila kunikatiza, akavua kofia akaivaa tena, akasema, "Twende. Lakini usifundishe mtu huko. Sema mashini, sema mafuta, sema nimekosa. Basi." Tukafika kambi ya wale askari nje kidogo ya mji, mjomba akazuiwa getini, nikaingizwa peke yangu katika chumba cha mbao kilichogawanywa kwa ukuta wa mbao pia. Mezani alikaa sajenti mmoja mtu wa kaskazini, na dirishani alisimama koplo kijana wa Masha, Mnyankole. Bunduki ya mzee ilikuwa juu ya meza.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyepiga ile bunduki, afande." Hatimaye nililisema. Na kama ningenyamaza hapo, labda leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini sajenti hakunipiga, alinitazama tu, na nikadhani utazamaji ule ni kiu ya elimu. Nikaanza. Nikamweleza ukungu wa ziwa, jasho la mikono, chumvi katika ngozi ya mbuzi. Nikaona hanielewi, na mimi mtu asiponielewa huwa napanda daraja la lugha badala ya kushuka. Nikasema, "Kwa ufupi, afande, nilikuwa namtolea mzee kutu."

Koplo akageuka kutoka dirishani. "Nasema nini?"

"Namtolea mzee kutu."

Jamani, nilikuwa nimekaa Unyankole miaka miwili. Kila siku ya soko nilisikia akina mama wakiwatisha watoto kwamba watawavuta okutu, na okutu kwao ni sikio. Nilijua. Ila neno lile lilikuwa kichwani mwangu katika mfuko mwingine, na Kiswahili changu katika mfuko wake, na sikuwahi kuitoa mifuko yote miwili kwa wakati mmoja.

"Afande," koplo akasema, akijishika sikio lake, "huyu nasema alikuwa natoa mzee okutu. Hii. Sikio."

Sajenti akanitazama upya. "Mwalimu nakata watu masikio?"

"Hapana, afande, kutu, ile ya chuma..."

"Wewe nachelewa," sajenti akasema, na hapo ndipo uso wake ulipofunguka, akaugonga ule ukuta wa mbao kwa kiganja. "Kazi hiyo sisi tayari namaliza!"

Koplo akaangua kicheko. Sajenti akacheka mpaka akakohoa.

Na mimi nikacheka.

Hiyo ndiyo nusu ninayoiruka. Nilicheka, tena kwa sauti, kwa sababu wao walikuwa wanacheka na mtu anayecheka huwa hapigi, na nilicheka kabla sijaelewa walichosema, na nilipoelewa niliendelea kucheka kidogo, kwa kuogopa kuonekana nimeacha. Kwa kicheko hicho tuliachiwa. Sajenti akasema bunduki yenyewe ni takataka, lakini itabaki hapo, na mzee aende.

Mzee Karoli alitoka nyuma ya ukuta ule, umbali usiozidi meza mbili, ameshika upande wa kushoto wa kichwa kwa kiganja, na damu imekauka shingoni. Kama alinisikia nikicheka sijui. Sijawahi kumuuliza.

Mjomba alituweka kwenye gari la kurudi, nikakaa kushoto kwa mzee. Njia nzima niliomba radhi. Nilisema mambo marefu na mazuri, yenye mwanzo na mwisho, naye akatazama mbele bila kunijibu neno, nikajua hatanisamehe, nikaona ni haki yake. Tulipopita Rwekubo ndipo alipogundua kwamba midomo yangu inacheza. Akaigeuza shingo nzima.

"Mwalimu, ulikuwa unasema?"

Mtama wa mwaka ule uliliwa karibu wote. Nilikwenda kila alfajiri na debe na fimbo, mwenye shahada, nikawapigia ndege kelele hadi sauti ikakauka, nao wakazoea debe siku ya nne. Mama Feresita alivuna vikapu viwili.

Tangu hapo nimeapa mambo mawili. La kwanza ni dogo: bunduki ya mtu siigusi, na chuma chekundu nikikiona nampelekea mjomba. La pili nililiapa palepale Nakivale, jioni moja baada ya mavuno yale, mzee aliponiita kwenye benchi lake, nikaenda kukaa nilikozoea, kushoto, naye akanivuta mkono.

"Kuja upande wa huku," akasema. "Ile fasi ingine haisikie tena."

Nikahamia kulia. Sikumsahihisha.