Utepe wa Mama Achol

Juzi, hospitalini Lodwar, muuguzi alimfunga mwanangu utepe wa plastiki mkononi, nami nikasikia tena harufu ya kuni za Kakuma.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, nilikuwa nimemsindikiza mama kupeleka kuni kambini, kwa Mama Achol, mkimbizi kutoka Sudan ambaye hakuacha kunipa uji wa mtama. Wakimbizi wote walikuwa wamehesabiwa tangu alfajiri ndani ya ua wa waya, kila mmoja akafungwa utepe wenye namba. Niliuonea wivu. Kwetu mbuzi hukatwa alama sikioni, ili akipotea ajulikane ni wa nani.

"Mama Achol, wewe ni wa nani?" nikamuuliza.

Mama alinifinya. Mama Achol alicheka, kisha akautazama mkono wake. "Hata mimi sijui, mtoto yangu."

Mama, ambaye hata kulala alilala na shanga zake, alivua uzi mmoja shingoni, akamzungushia mkononi mpaka namba ikafichika.

"Huyu ni wetu," akaniambia.

Jioni, mbuzi walipokwisha kuingia zizini, nilikataa kufunga mlango. Nilikuwa namngoja Mama Achol.