Filamu Ndani ya Hotipoti

Nilikwenda Likoni na hotipoti kwa sababu diski ya kwanza niliyopewa kupeleka iliharibiwa na jua. Ofisi yetu ya Mji wa Kale huazimisha shule na vikundi filamu za masomo, na mkuu wetu, Bi Rukia, aliniambia bila kupandisha sauti, "Ya pili ikiharibika, Athumani, nitatafuta mwingine." Nyumbani nina wadogo watatu. Tangu wazazi wetu walipofariki wananitegemea mimi, na shule niliiacha ili wao waendelee. Basi diski hii, yenye filamu ya kumhudumia mtoto aliyeungua, niliitia ndani ya hotipoti, nikaifunga kwa leso. Kinachozuia joto lisitoke, niliwaza, kitalizuia lisiingie. Asubuhi ilitakiwa shule ya Likoni, alasiri Kibokoni, kwa kina mama.

Biashara Street, muuza leso mmoja alinisimamisha. "Athumani, wapeleka chakula cha posa, na sisi hutuambii?"

Feri, askari aliniamuru nifungue hotipoti. Alipoiona diski alisikitika kuliko ambavyo angesikitika kuona kisu. "Hata sambusa moja hamna?"

Likoni wanafunzi walitazama filamu kwa utulivu. Ilipokwisha, niliirudisha diski ndani ya hotipoti; mpishi wa shule, Bi Mwanasiti, akaichukua. "Chombo cha mtu hakirudi kitupu, mwanangu."

Alirudi nayo imefungwa fundo, nzito.

"Diski imo, mama?"

"Imo, imetulia."

Kumfungulia mtu zawadi yake mbele ya macho yake ni utovu wa adabu. Nikashukuru, nikaondoka.

Tukivuka kurudi kisiwani, mapaja yalianza kunichoma. Abiria wa pembeni akaniambia, "Yakhe, mzigo wako wanukia bizari." Nikafungua. Pilau ilijaa hadi mdomoni, na katikati yake, ndani ya mfuko wa nailoni, diski imesimama, paja la kuku likiilinda.

Kibokoni kina mama walikuwa wamekwisha kaa, na Bi Rukia yupo. Tulipoichomeka diski kwenye projekta, ukuta ulibaki mweupe. Niliwafikiria wadogo zangu. Bi Rukia akaigusa.

"Mbona ya moto?"

Nikamweleza yote. Aliiweka chini ya pangaboi, akasimama akiitazama kama mgonjwa.

"Tutakaa tukitazama diski ikipoa?" akauliza Bi Fatuma, mwenyekiti wa kina mama. "Leteni sinia."

Pilau ikapakuliwa, wakala. Sinia lilipobaki mifupa, Bi Rukia akaichomeka tena, na ukutani ukatokea mkono wa mtoto chini ya maji ya bomba.

"Aliyepika hii ni nani?" Bi Rukia akauliza, akijipangusa vidole.

"Bi Mwanasiti, wa shule ya Likoni."

"Basi Likoni utakuwa ukienda wewe. Lakini hotipoti iache kwenu."

Nilijifunza kwamba jua unaweza kulikimbia kivulini, ukarimu wa watu hauna kivuli. Siku hizi nabeba filamu kwenye sanduku la spana, na mpaka leo hakuna aliyenitilia pilau.